Kikao cha Saa Tatu Siku ya Bamvua

Notisi ile niliibandika kwa mkono wangu kwenye nguzo ya banda la samaki. Kikao cha kupokea maoni ya wananchi kuhusu mpango wa kuhifadhi mikoko ya mtaa wetu. Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa shule. Nilikuwa katibu wa kikundi, na mambo ya barua, notisi na kumbukumbu za vikao yalikuwa juu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa mizigo bandarini Kilindini kwa miaka mingi na karatasi hazikunitisha. Alhamisi ilipofika walikuja watu 41. Wakasikiliza, wakauliza maswali mawili matatu, wakatia sahihi, wakanywa soda, wakaenda zao. Nilirudi nyumbani na daftari kwapani nikiamini kwamba mtaa umesema.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Ilikuwa bamvua.

Kwa asiyekulia kwenye pwani yetu inafaa nieleze. Mombasa, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana: hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kidogo, karibu saa moja, mpaka baada ya juma moja mambo yanageuka: yanafika maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na saa nne asubuhi inakuta maji yamejaa. Basi bamvua ya asubuhi ndiyo saa ya kazi kuliko zote. Tope lote la hori, mkono wa bahari unaoingia bara, liko wazi. Kina mama wa chaza na kome wamo ndani yake, vijana wa kaa wako mashimoni, wazee wanakagua nyavu na uzio. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka kwenye tope hilo nikawaita watu wa pwani ukumbini saa ambayo hakuna mtu wa pwani aliyeweza kuja. Wale 41 walikuwa watu wa heshima, wengine jamaa zangu: wenye maduka, walimu, wapangaji, wazee wa mtaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tope miguuni.

Nilikuja kulitambua hilo baada ya miezi kumi na miche 2,000 iliyokufa.

Mtaa wetu uko upande wa bara wa hori ya Tudor. Hori hii inaingilia Bandari ya Kale, kule majahazi yalikotia nanga kwa karne nyingi yakiletwa na pepo za kaskazi na kurudishwa na pepo za kusi, inapita chini ya daraja la Nyali, kisha inapanuka nyuma ya kisiwa hadi kwenye mikoko ya Mikindani na Jomvu. Upande wa pili wa kisiwa ndio wenye Kilindini na Port Reitz, bandari ya meli kubwa. Mji mzima, kwa maneno mengine, umekaa katikati ya bandari mbili, na pembezoni mwa bandari hizo mbili ndiko yaliko maeneo ya umma ambayo watu wengi hupita juu ya daraja bila kujua kwamba ni yao.

Na kweli ni ya umma. Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, ikaandikwa tena kwenye gazeti rasmi mwaka 1964. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inataja wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Sheria ya misitu ya 2016 nayo inaruhusu wakaazi kuunda chama cha jamii na kutiliana mkataba na watu wa misitu ili wasimamie pamoja. Kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771 za mikoko kati ya hekta 61,271 za nchi nzima. Ni kidogo ukilinganisha na Lamu, ambayo peke yake ina zaidi ya nusu, lakini mikoko yetu imezungukwa na watu kuliko yote, na imeumizwa kuliko yote. Imekatwa kwa ajili ya nyumba na kuni. Imechomwa chini ya mitambo ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyofichwa humo humo ndani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukaziba mizizi, na sehemu kubwa za mikoko ya Mombasa zikakauka zimesimama. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika upande wa Port Reitz. Maji machafu ya mji sina haja ya kuyaeleza kwa mtu aliyewahi kusimama Tudor jua likiwa kali.

Kwa hiyo tulipopata msaada wa kupanda miche tuliona tumeokoka. Katika kikao kile cha Alhamisi tulikubaliana tupande kwenye tope lote tupu lililo mbele ya mtaa. Palikuwa wazi, palikuwa karibu na barabara, na wafadhili wangeweza kufika na kupiga picha bila kuvua viatu. Tulichomeka mbegu za mkoko kwa mistari iliyonyooka. Watoto wa shule walikuja. Ilikuwa siku nzuri, na hata leo siwezi kuwalaumu watu kwa furaha ile.

Baada ya wiki tatu tukaona mapengo. Baada ya miezi miwili mistari mizima haipo. Mwenyekiti wetu alikasirika, akasema ni hujuma na akataka twende kwa chifu. Tukaweka vijana walinde. Usiku wa pili hawakuona kitu. Asubuhi yake, maji yalipopwa, walimwona bi mmoja akiinama na kung'oa miche mmoja mmoja, polepole, mchana kweupe, bila kujificha, huku akiiweka ndani ya ndoo kama mtu anayepalilia shamba lake.

Nilimjua. Amekuwa akitembeza chaza na uduvi mtaani tangu nikiwa mtoto. Nikavua viatu nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia usikanyage pale, pana chaza zitakukata."

Nikamuuliza kwa nini anang'oa. Hakukana na wala hakukasirika. Alisimama, akajishika kiuno, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa ulipo ni njia yetu ya kuteremkia. Pale kwenye mawe ndipo penye chaza. Kule ngalawa hupandishwa wakati wa kusi. Mumetupandia mlangoni, mwanangu. Na hata nisingeing'oa, hii haitaishi. Mkoko hauoti hapa, maji hukaa mno. Hapa ni pa mlilana, na mlilana hauhitaji kupandwa na mtu, huja wenyewe ukipata nafasi. Mbona hamkuuliza?"

Nikamwambia tuliuliza. Kulikuwa na kikao. Notisi ilibandikwa.

"Siku gani?"

Nilipomtajia tarehe alinitazama kwa muda. "Siku hiyo tulikuwa hapa," akasema. "Ilikuwa bamvua."

Hakuongeza neno. Akarudi kuinama.

Aliyoyasema kuhusu miche yalikuwa kweli tupu, na mtu yeyote wa mikoko angekuambia. Katika aina za mikoko, mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, unaostahimili maji marefu na mawimbi. Mkoko wenye mizizi ya miguu mirefu uko nyuma yake, kandokando ya mikondo. Nyuma zaidi unakuta mkandaa na muia, halafu juu kabisa, penye chumvi kali na maji machache, mchu, ingawa mchu ni mti wa ajabu ambao unaweza kuuona mbele na nyuma. Sisi tulichukua mti wa kati tukaupeleka mbele kwa sababu mbegu zake ni ndefu, ni rahisi kuokota na kuchomeka. Miche ambayo bi yule hakuing'oa ilivamiwa na wale wadudu wa gamba wanaoganda miambani, ikalemewa, ikalala. Kufikia Ramadhani haikubaki hata mmoja.

Nilikaa na daftari langu siku nyingi. Kilichoniumiza kuliko miche ni kurasa zile za sahihi. Karatasi ilikuwa halali kabisa. Ukiipeleka ofisi yoyote itapigwa muhuri kwamba umma umeshirikishwa. Nilikuwa nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri, bila kukusudia.

Tulipoanza upya, jambo la kwanza lilikuwa kalenda. Nilichukua kalenda ya mwezi, ile inayotundikwa msikitini, nikawauliza wazee wavuvi siku zipi wanakaa bure. Wakacheka kwamba hakuna siku ya kukaa bure, ila tarehe 7 hadi 9 na tarehe 22 hadi 24, siku za maji mafu, asubuhi wengi wako nyumbani au wanashona nyavu. Tangu hapo hatukuitisha kikao siku nyingine. Ofisi moja iliyokuwa ikitusimamia ilituandikia kwamba ratiba yao ya robo mwaka imeshapangwa na haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya mwezi. Tukawajibu kwa adabu kwamba waje siku yao tuwapokee, lakini maoni tutayachukua siku yetu. Walikuja siku yetu. Afisa kijana aliyetumwa alikaa nasi chini ya mkungu mpaka adhuhuri, na baadaye akawa msaada mkubwa kuliko tulivyotarajia.

La pili lilikuwa mahali. Tuliacha ukumbi. Kina mama hawasemi mbele ya waume zao na wazee wa mtaa kuhusu nani anakata nini wapi, na vijana wanaokata nguzo usiku hawatasema chochote mbele ya chifu. Kwa hiyo tulikaa mara tatu: na kina mama barazani kwa bi yule yule, na wavuvi bandani, na vijana kwenye uwanja wa mpira baada ya mazoezi. Ilichosha. Nilirudia maneno yale yale mara tatu na nikasikia mambo matatu tofauti. Wavuvi walisema adui wa hori ni wakata miti. Kina mama walisema ni wenye nyavu za matundu madogo wanaokomba samaki wachanga kwenye mikondo. Vijana walisema ni kifusi.

Hilo la kifusi sikulitarajia. Walinichukua wakanionyesha. Nyuma ya mtaa kuna mkondo uliokuwa ukipeleka maji ya bamvua mpaka kwenye mikandaa ya juu. Mtu alikuwa amejenga, akamwaga mawe na vipande vya matofali mdomoni mwa mkondo, taka za plastiki zikajikusanya juu yake, na maji yakaacha kupita. Huko nyuma miti ilikuwa inakufa imesimama, majani ya njano, na sisi tulikuwa mbele tunapanda miche mipya kwenye tope la chaza. Vijana walikuwa wamelijua jambo hilo kwa miaka miwili. "Sisi tungemwambia nani, kaka?" mmoja akaniuliza. "Tukionekana humu ndani tunakamatwa."

Tulizibua mkondo kwa majembe na mikokoteni, Jumamosi nne. Hatukupanda kitu. Msimu wa mbegu ulipofika, maji yakaziingiza yenyewe. Leo ukienda utakuta mikandaa mingi inayokufika magotini ambayo hakuna mtu aliyeipanda wala kuipiga picha.

Ramani ndiyo ninayoipenda kuliko yote tuliyoyafanya, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapo kidogo. Tulikuwa tumepewa ramani iliyochapishwa, yenye rangi, iliyopigwa kutoka angani. Kina mama waliigeuza huku na huku, hakuna aliyeitambua nyumba yake. Fundi mmoja wa matanga akatoa wazo tuchore kwenye marekani, kitambaa kile kile cha matanga. Tukanunua yadi nane, tukaziunganisha, tukatandika sakafuni bandani. Mzee nahodha akachora ufuo kwa mkaa, kutoka kichwani. Wengine wakaongeza: njia za kuteremkia, madau yanapolazwa, mawe ya chaza, shimo la chewa, mbuyu wenye mzimu ambako watu bado wanapeleka marashi, makaburi ya zamani ambayo maji yanayakaribia, mahali ambapo vijana wanakata, hata mitambo ya chang'aa, ambayo tulikubaliana kuiwekea alama isiyo na jina. Kisha tukaitundika ukutani mwezi mzima na kipande cha mkaa kwenye kamba. Mtu yeyote aliyeleta samaki angeweza kurekebisha. Karibu kila siku nilikuta mstari mpya. Mwezi ulipokwisha tukaisoma kwa sauti mbele ya wote, alama moja baada ya nyingine, na pale palipokuwa na ubishi tukapiga rangi nyekundu badala ya kujifanya tumeelewana. Palikuwa na nyekundu sehemu sita. Ndipo yule afisa kijana akaihamishia kwenye ramani yake ya kompyuta, na mpango wetu ukaandikwa juu ya hiyo.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya wakataji. Miti wanayokata ina majina ambayo kila fundi wa nyumba za pwani anayajua: fito nyembamba za kukandikia, pau za paa, mazio, boriti, nguzo. Baba zao walikata, na babu zao walikata kwa leseni, majahazi yakabeba boriti mpaka Uarabuni. Wenzetu wengine walitaka kuandika "marufuku kukata" na kumaliza. Nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi. Mtu aliyefukuzwa hurudi usiku, na anayekata usiku hachagui mti. Mwishowe wanne kati yao wakawa walinzi wetu, kwa posho ndogo iliyotoka kwenye mfuko wa kikundi. Wawili wakaacha baada ya mwaka kwa sababu posho ilichelewa mara tatu. Hilo ni kosa letu, tuliahidi bila kuwa na fedha mkononi. Mmoja wa hao wawili alirudi kukata, na nilipokutana naye njiani sikuwa na uso wa kumkemea.

Kuhusu fedha tulikwenda Gazi, Kwale, kujifunza kwa watu wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti yao, kutokana na hekta 117 za mikoko. Tulikwenda tukiwaza kaboni, tukarudi tukiwaza jinsi kijiji kinavyoamua pamoja fedha ziende kwenye maji au shule. Sisi bado hatuuzi chochote. Hori yetu ina wapangaji wengi, wanaohama kila mwaka, na kuamua nani hasa ni "jamii" ni swali ambalo kijiji hakilipati kwa ukali tunaoupata mjini. Tulilitatua kwa njia rahisi: anayekanyaga tope kwa kazi ana kura, awe mwenyeji au aliingia jana. Wenyeji kadhaa walinuna. Bado wananuna.

Halafu yakaja mabati. Asubuhi moja tuliamka tukakuta uzio wa mabati umekatiza njia kuu ya kuteremkia, mpaka ndani ya maji ya bamvua. Mwenye uzio alikuwa na hati. Vijana walitaka kuung'oa usiku ule ule, na moyo wangu ulikuwa upande wao. Bi yule wa chaza ndiye aliyewazuia. Alisema tuna marekani yetu, twende nayo. Tukapeleka barua kwenye ofisi zote zinazohusika na ardhi ya umma, pamoja na picha za ramani, kumbukumbu za vikao vitatu vya siku za maji mafu, na majina ya watu waliokuwa wakiitumia njia hiyo kwa kazi gani na tangu lini. Miezi kumi na minne tulizungushwa. Kina mama walizunguka na ndoo kichwani kwa njia ya mbali, na wawili wakaacha kazi hiyo kabisa kwa sababu ya magoti. Mwishowe uzio ukarudishwa nyuma, nusu yake. Njia ipo, ni nyembamba kuliko ilivyokuwa, ngalawa haipiti. Sehemu ile bado ni nyekundu.

Nimeshaacha ukatibu, ameushika binti mmoja aliyesoma mambo ya bahari na anayeandika haraka kuliko mimi. Mwezi uliopita alinialika bandani watu walipokuwa wakiisoma marekani upya. Bi wa chaza alikuwepo, macho hayaoni vizuri tena, anashikwa mkono na mjukuu wake. Binti akataja mkondo wetu tuliouzibua, akataka kupita alama inayofuata.

"Ngoja kwanza, mwanangu," bi akasema. "Umehama huo. Tangu masika hauko hapo."

Akauliza mkaa uko wapi. Mjukuu akampa, akamwelekeza mkono mpaka kwenye kitambaa, naye akafuta mstari wangu kwa kiganja, akachora mwingine, upande wa kushoto zaidi, karibu na mchu mkubwa. Nusu ya waliokuwepo walikubali, nusu wakakataa. Binti akachukua rangi nyekundu. Tumekubaliana kwenda kuutazama Jumamosi, maji yakipwa, saa nne.